Papa Sébastien Kamate na Rufaa ya Kanali Iliyolala

Ndugu, jamaa, majirani wa Nyakasanza, na nyinyi wote mulioacha kazi zenu kuja kulia pamoja nasi, Papa yetu Sébastien Kamate alizaliwa Butembo tarehe 14 Mwezi wa Pili 1956, akasoma primeri huko huko, akamaliza ufundi wa umeme hapa Bunia mwaka 1977, na tangu 1979 akawa mtu wa foni, ile redio tunayopokezania maneno na Aru, Mahagi na Ariwara.

Tarehe 8 Mwezi wa Nane 1982 alimuoa Mama Joséphine Musoki, ambaye Papa alimuomba uchumba kwa foni, Mama akiwa Ariwara, Papa akasahau, jamani, kwamba kila poste, yaani kila kituo cha foni, ya Ituri inasikia, na hata leo watu wa Mahagi wanamutania Mama kwa hilo; Mungu akawapa Prince, Élise na Chance.

Mwaka 1998 alitengeneza kisanduku kinachosikiliza kanali zote, yaani njia za foni, na kujichagulia ile isiyo na mutu, akaomba breve Kinshasa, yaani karatasi ya kumutambua kuwa ndiye mvumbuzi. Lakini muzee wetu, na kichwa chake kigumu, aliandika vile watu wa foni wanavyosema, kwamba kisanduku kinatafuta kanali iliyolala, ndiyo ile isiyo na mutu, na ofisi ikaelewa kanali iliyokufa, ikamukatalia ikisema kutengeneza vilivyoharibika si uvumbuzi. Kwa ajili ya vita jibu lilichelewa mpaka Mwezi wa Tatu 2003, na rufaa ilitakiwa kabla ya tarehe 15 Mwezi wa Tano.

Tarehe 12, risasi zikilia mjini na barabara zote zimefungwa, alianza kumusomea rufaa kwa foni mwenzake Adolphe wa Ariwara, ili aiandike na kuituma, ndipo mama mmoja akaingia akitafuta watoto wake, Papa akaweka karatasi chini, akamupa kanali awaulizie, na nyuma yake wakaja wengine siku nne mfululizo. Rufaa ilimalizika tarehe 21, imechelewa, na sababu aliisema kama ilivyo. Ilimuuma, tusifiche, alikaa siku mbili bila kula.

Mwezi wa Nane, akiwa hospitalini kwa ugonjwa wa figo, jibu likaja: kuchelewa kumesamehewa, lakini kisanduku kionyeshwe Kinshasa tarehe 6 Mwezi wa Kumi, na yeye mwenyewe au mutu wake. Alijua hatafika. Basi kitandani pale alimufundisha Mama Joséphine kisanduku hicho, waya kwa waya, Mama ambaye hakuwahi kugusa hata kitufe, akimukaripia, akimubembeleza, mpaka asubuhi ya tarehe 9 Mwezi wa Tisa Mama alipokifungua na kukifunga peke yake, Papa akacheka, akamushika mukono, na saa nne akatuacha.

Tunasema aksanti kwa waganga wa hospitali na wauguzi, kwa majirani waliotupikia, kwa Adolphe aliyevuka njia mbaya kufika, na kwa nyinyi watu wa foni muliozima poste zenu leo. Papa Sébastien, pumzika kwa amani, Mama amekwisha kupata tikiti ya ndege ya Kinshasa.