Marudio, Aliyepima Seli Zake Bila Kujipendelea

Marehemu dada yetu, ambaye maabara nzima ilimwita Marudio kwa kuwa hakuamini kipimo kilichofanywa mara moja, alizaliwa tarehe 14 Machi 1983, mtoto wa pili wa mama muuguzi na baba dereva wa lori. Alizaliwa na sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya makamasi ya mapafuni yawe mazito kama gundi. Daktari aliwaambia wazazi wasitarajie kumwona akianza shule. Alianza Januari 1990.

Darasani alikohoa mno. Mwalimu wa hesabu alipouliza kwa ukali, "Nani huyo anayetuvurugia kipindi?" alisimama. "Mimi, mwalimu, na nitavuruga tena sasa hivi." Akavuruga. Baadaye alipata stashahada ya maabara, na tarehe 2 Mei 2006 akaajiriwa na watafiti waliokuwa wakisaka dawa ya ugonjwa wake mwenyewe.

Mwaka 2011 aliolewa na fundi wa majokofu aliyekuja kutengeneza friji ya sampuli. Alimwonya mapema, "Mimi si mtu wa kuzeeka naye." Fundi akajibu, "Nani kakwambia nina haraka ya kuzeeka?"

Kazi yake ilikuwa kuotesha seli zilizokwanguliwa puani mwa wagonjwa, kisha kupima mkondo wa umeme chumvi inapozivuka. Kwanza hutiwa dawa ya kuziba njia ya sodiamu. Ndipo hutiwa dawa mpya, ili mkondo ukipanda ijulikane kwamba kloridi, iliyokwama kwa wagonjwa hawa, imeanza kupita.

Septemba 2019 alipima seli zake mwenyewe. Zikijibu, angeingia kwenye majaribio ya dawa hiyo, na nafasi ilibaki moja tu. Mkondo ukapanda. Wenzake wakamkumbatia. Alipokuwa akipanga meza, akaikuta chupa ya dawa ya kuzibia sodiamu haijafunguliwa. Alikuwa ameisahau; mkondo ule ungeweza kuwa wa sodiamu tu, haukuthibitisha kitu.

Mkuu wake akamnong'oneza, "Dada, achana nayo. Nani atajua?"

"Mapafu yangu yatajua. Karatasi haiwezi kupumua kwa niaba yangu."

Alirudia mara tatu. Mkondo haukupanda. Akaandika kwa mkono wake: hazikujibu. Nafasi ikaenda kwa mgonjwa mwingine, fundi viatu, ambaye seli zake zilijibu kweli.

Mama alimlilia, "Si ungefumba jicho mara moja tu, mwanangu?"

"Mama, hata ningefumba yote mawili, dawa ile isingenifanyia kitu."

Wapo wanaosema tangu siku ile kwamba alijiua kwa ukaidi. Wayaseme hapa, mbele ya jeneza, kama wanaweza. Alichokataa ni kumpora mtu mwingine dawa iliyomfaa.

Aliendelea na kazi, mtungi wa oksijeni kando ya kiti chake, hadi Februari 2023. Alilazwa tarehe 3 Juni na kufariki tarehe 19 Juni, saa nne asubuhi, mume wake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mama, mume na kaka mmoja. Familia imeamua kumtaja pia fundi viatu. Si ndugu wa damu, na wasiopenda watavumilia. Asubuhi ya leo alibeba jeneza upande wa mbele, akapanda nalo mlima huu wote bila kutweta.

Apumzike kwa amani. Hatumwombei radhi kwa mtu yeyote.