Sifuri za Jepleting

Benchi la mbele ya duka la hardware la Gautam pale Rongai lina miguu mitatu na tofali moja, na Jumatatu hiyo lilikuwa limebeba aibu ya Micah pia. Micah alikuwa karani wa serikali miaka thelathini na mmoja, ndiyo maana kijiwe humwita Faili, na ndiye aliyeaminiwa kuingiza kwenye laptop matokeo ya mbio za wadi, kilomita kumi. Alijifunza kuchapa enzi za taipureta, ambapo ukiinua macho kutoka kwenye karatasi mwalimu alikulamba rula. Basi Jumapili akachapa wakimbiaji wote bila kutazama skrini hata mara moja. Leo ameitazama. Kambi ya mazoezi ya Olenguruone inataka orodha kabla ya saa sita, imchukue mshindi mmoja tu. Saa tano imeshapita, na kwenye skrini mshindi ni Kipngetich.

Kipngetich, anayeitwa Waziri kwa sababu ya koti na tumbo, alikuwa amekaa katikati ya benchi.

— Soma tena, Faili. Polepole, Emmy asikie.

— Namba kumi na nne, Kipngetich. Saa moja, dakika ishirini na nne. Wa kwanza.

— Na wa pili? aliuliza Gautam kutoka mlangoni.

— Namba kumi na nne. Saa thelathini na tatu, dakika kumi na mbili.

— Si huyo ni Waziri tena?

— Ni yeye.

Emmy, mwenye thermos ya kahawa, alicheka hadi akamwagia tofali.

— Kwa hivyo alijishinda mwenyewe! Na Jepleting ako wapi? Si alivaa namba kumi na nne pia?

— Sifuri kumi na nne, alisema Micah kwa uchungu. Wanawake wote tuliwapa sifuri mbele. Nilichapa sifuri, vidole vyangu ni mashahidi. Nimeirudisha mara nne, mashine imeimeza mara nne. Na jina inalitafuta yenyewe kwa namba, ikakuta la Waziri.

— Angalia karatasi uliyoandika kwa mkono, basi, alisema Emmy.

— Imepigwa muhuri, imefungiwa kabatini kwa ofisi ya wadi. Mwenye ufunguo ako semina Naivasha. Semina ya utunzaji wa kumbukumbu.

Gautam alivuta kiti. Alipovuta kiti, watu walijua biashara imefungwa.

— Sikizeni. Kila fomu Kenya hii inapoteza sifuri. Zinaenda wapi? Kuna godown Nairobi, ghala zima la sifuri. Wakitaka bajeti inenepe, wanatuma lori.

— Na hizo saa thelathini na tatu? aliuliza Emmy.

— Hiyo ni rahisi, alisema Waziri. Wengine walilala njiani. Mimi nikiingia uwanjani barabara ilikuwa tupu kabisa.

— Ilikuwa tupu kwa sababu wenzako walishaoga!

— Emmy, heshimu mshindi. Kompyuta imesema. Nimeshaambia mama watoto nahamia kambini.

Micah hakucheka. Alikuwa akiona kona ya skrini: saa tano na dakika arobaini. Msichana alikuwa amewaacha wanaume wa wadi nzima nyuma, halafu yeye, Faili, akamfuta kwa vidole kumi vyenye cheti.

Ndipo Jepleting mwenyewe akafika, raba mkononi, begi mgongoni.

— Hamjambo wazee. Orodha imeenda?

Kila mtu alitafuta kitu ndani ya kikombe chake. Mwishowe Micah akageuza laptop. Jepleting akasoma, akamtazama Waziri kwa adabu.

— Pongezi, mzee. Na ule utepe uliokata pale mwisho, ulikuwa rangi gani?

Waziri aligeukia wenzake kutafuta rangi. Akamtazama Gautam, lakini Gautam siku hiyo alikuwa dukani. Emmy alikuwa akipimia watu kahawa. Micah, aliyekuwa amesimama hatua mbili kutoka kwa utepe, macho yake yalikuwa kwenye saa ya kupimia mbio.

Jepleting akafungua begi. Utepe ulikuwa wa manjano.

— Mzee, alimwambia Micah, kwanza ambia hiyo safu ya namba kwamba ni maandishi, si hesabu. Halafu chapa. Na kwa muda, anza na sifuri ya saa. Ukiandika thelathini na tatu peke yake, inadhani ni masaa.

Micah akabonyeza, akachapa, safari hii macho juu. Sifuri kumi na nne ikabaki palepale. Sifuri, thelathini na tatu, kumi na mbili. Akasahihisha hivyo mstari kwa mstari, akapanga orodha upya, na jina la Jepleting likatokea juu kabisa. Saa tano na dakika hamsini na saba, orodha ikaenda. Emmy akapiga kigelegele, akainamisha thermos: lilitoka tone moja, akampa Jepleting.

— Na mimi, Faili? aliuliza Waziri. Muda wangu hujauwekea sifuri.

— Wako haukuguswa, Waziri. Sifuri ya saa ni ya wale waliomaliza kabla saa haijaisha.