Fundi Mseto Avua Miwani ya Majaribio

Tarehe 30 Juni, Fundi Mseto atavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na moja katika chumba chetu cha kukatia lenzi. Jina hilo tulimbandika sisi wenyewe, na sababu ilikuwa usoni pake: fremu moja, lenzi mbili za plastiki tofauti. Kila aina mpya ilipoingia, aliitia jicho moja, ya zamani akaiacha kwenye jingine, akaenda nayo sokoni na harusini. Shemeji yake aliwahi kumpitishia mchango kwenye ukoo, akidhani ameshindwa kununua lenzi ya pili.

Hakupenda kusifia asichokivaa. Plastiki ya kawaida, alisema, inaonyesha vizuri kuliko zote, ila kwa macho mabovu kama yake inanenepa pembeni, na ikigongwa inapasuka. Plastiki ile nyembamba ya bei ghali inapendeza kwenye picha, lakini nayo haina ubavu wa kuhimili pigo kubwa. Polikaboneti, aina ya tatu, ndiyo ngumu kupasuka, lakini inakwaruzika hata ukiitazama vibaya, na ukiangalia kwa pembeni taa zinaota kingo za rangi. Kwa miaka mingi aliidharau, akaiita plastiki ya kofia za pikipiki.

Kisha akaja mama mmoja na bintiye wa darasa la tatu. Mtoto alikuwa anaona kwa jicho moja tu. Mama alitaka lenzi nyembamba kuliko zote, kwa kuwa shuleni walikuwa wanamcheka mwanawe, na mzazi gani hataki hayo yaishe? Fundi alikataa kuzikata. Alisema jicho hilo halina akiba. Mama akawaka, akamuuliza mtu anayevaa miwani ya kuokoteza anamfundisha nini. Tuliinamisha vichwa, wengine kwa kuficha kicheko.

Fundi alichukua nyundo ndogo, akaigonga lenzi nyembamba, ikapasuka. Akaigonga polikaboneti, ikaruka hadi chini ya kabati, tukapiga magoti kuitafuta. Ilikuwa na alama tu. Mama aliishika, akaigeuza, akasema zikatwe hizo.

Muhula uliofuata alirudi peke yake, akaiweka miwani juu ya kaunta. Upande wa jicho linaloona, lenzi ilikuwa na kovu la jiwe lililorushwa uwanjani. Mtoto alikuwa mzima, yuko darasani. Mama alianza kueleza, akalia. Fundi naye akalia, na siku hiyo tulifunga duka mapema. Tangu hapo, kila fundi mpya anaanza kazi kwa nyundo ile.

Ulipofika wakati wa zawadi ya kumuaga, tulibishana juma zima: tumkatie nini mtu aliyewachagulia wengine lenzi maisha yake yote? Mwishowe tulimpigia simu yule binti, ambaye sasa ni fundi seremala. Hakufikiri mara mbili. Alisema polikaboneti, macho yote mawili, kwa sababu mzee anakwenda kupasua kuni na kucheza na wajukuu, na yeye naye alindwe. Atakuja mwenyewe kumvisha.

Kwa mara ya kwanza, Fundi, utaitazama dunia kwa lenzi zinazofanana. Kulinganisha tuachie sisi. Asante kwa kila jicho ulilolipigania. Pumzika vyema, uwe na afya na siku nyingi. Zikikwaruzika, na zitakwaruzika, zilete. Kiti chako hakikaliwi na mtu.