Maneno Yaliyotangulia Mechi

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemezwa ukutani pa duka la vifaa vya umeme, na mwenye birika ni mimi. Wananiita Mama Birika. Mwisho wa benchi hukaa Refa, fundi viatu ambaye hajawahi kushika filimbi maishani mwake, lakini kila jambo lazima alitolee hukumu. Pembeni yake ni Daktari, fundi simu. Wagonjwa wake wakipona hubaki bubu. Jumapili hiyo asubuhi akaja Flashi, mpiga picha za mpira, kompyuta kwapani na uso umemshuka kama aliyefiwa. Nikammiminia kahawa kabla hajaomba.

Flashi: Jamani, leo ndiyo leo. Nikichelewa tena, kizibao anapewa mwingine.

Kizibao chenyewe ni kile cha rangi ya machungwa kinachomruhusu mpiga picha kukaa nyuma ya goli. Bila hicho unakaa jukwaani na mashabiki, unapiga picha visogo vya watu.

Daktari: Si unapiga picha nzuri wewe? Unachelewa nini?

Flashi: Kupiga si tatizo. Tatizo ni maneno. Kila picha lazima niibandike maneno: nani huyu, timu gani, anafanya nini. Kule gazetini mtu akitafuta "kipa" au "kadi nyekundu", picha ijitokeze. Isiyo na maneno haipatikani, hata iwe nzuri vipi.

Refa: Na mhariri wako anasemaje?

Flashi: Anasema picha zangu ndizo bora, na ndizo za mwisho kufika. Mimi bado naandika, za wenzangu zimeshawekwa kwenye ukurasa.

Refa akaweka chini kiatu cha watu.

Refa: Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Sasa wewe vua hiyo pete, kidole kiwe chepesi.

Mimi: Hiyo ni pete ya ndoa, Refa.

Refa: Basi aandikie mkono mwingine.

Daktari: Wapi! Majina ndiyo yanakula muda. Yule beki wetu, jina lake ukilianza asubuhi unalimaliza jioni.

Flashi: Hayo nimeshayafupisha. Nagonga namba ya jezi, jina zima linatoka lenyewe.

Daktari: Haitoshi. Kocha asajili wenye majina mafupi tu. Jina fupi, unacheza. Jina refu, katafute kazi nyingine.

Refa: Dawa ni viatu! Mimi nikiona soli namjua mtu. Kila mchezaji avae rangi yake, hapo picha utaipanga umefumba macho.

Flashi: Rangi zenyewe hazitawatosha, mzee wangu.

Refa: Basi wapunguzwe wachezaji. Wengi wape, wachache ndio watakaoonekana vizuri.

Mimi: Yaani mpira mzima ubadilishwe kwa ajili ya Flashi?

Refa: Kwani uliumbwa na nani?

Daktari alikuwa kimya, anapuliza kikombe. Daktari akinyamaza, ujue kuna simu ya mtu inaungua au kuna wazo.

Daktari: Kwani lazima maneno yaandikwe baada ya mechi?

Flashi: Yaandikwe lini tena?

Daktari: Sasa hivi. Dalili ya mvua ni mawingu, na timu yetu mawingu inayo mwaka mzima.

Refa: Mtoto hapewi jina akiwa tumboni, bwana.

Daktari: Huyu tunamzaa kila wiki, na sura ni ile ile.

Flashi akafungua kompyuta, macho yamemwaka. Kumbe inawezekana! Alitueleza kwamba ukiyaandika maneno mapema, kila picha inayoingia humo inavaa maneno hayo yenyewe, unabaki kutuma tu. Basi wakaanza kumsomea. Sijawahi kuona wale wawili wakielewana kiasi kile.

Daktari: Andika kufungwa.

Refa: Beki kuteleza. Hilo usiliache.

Daktari: Kocha kushika kichwa.

Refa: Mashabiki kuondoka mapema.

Mimi: Tia na huzuni, mwanangu.

Flashi: Jamani, nisiweke hata "bao"?

Refa: Weka. La kwao.

Flashi akaenda uwanjani mwepesi kabisa. Sisi tukabaki na redio ya dukani, kila mtu na kikombe chake, tukisubiri msiba wetu wa kila wiki. Msiba haukuja. Tulifunga, tukafunga tena, na filimbi ya mwisho ikalia hatujafungwa hata moja. Mtaa mzima ukapiga kelele. Refa alimkumbatia Daktari na gundi ya viatu mikononi, wakashindwa kuachana. Ya kompyuta nani aliyakumbuka? Hata mimi yalinitoka.

Jioni Flashi akatokea mbio, kizibao bado mwilini, simu inaita.

Flashi: Nimewatangulia! Picha zangu zimefika za kwanza!

Daktari: Si nilisema mimi!

Flashi: Mhariri huyu hapa, msikieni mwenyewe.

Akaiweka simu sauti ya juu.

Mhariri: Hongera, mdogo wangu, leo umewaacha wote. Ila natafuta "ushindi", hakuna kitu. Natafuta "shangwe", hakuna. Nimeandika "huzuni", zimekuja zote. Nahodha amebebwa mabegani, chini imeandikwa "beki kuteleza". Hii timu imeshinda au imefiwa?

Refa akajifanya anatafuta sindano.

Flashi: Nipe nafasi kidogo, bosi.

Mhariri: Ukurasa unafungwa. Sikati simu. Rekebisha nikiwa nasikia.

Flashi akakalia ndoo, kompyuta magotini, akayafuta maneno yote kwa mpigo.

Flashi: Haya, nipeni mengine! Upesi!

Wakatazamana. Asubuhi walikuwa wanashindana kutoa, sasa hata moja hawana.

Refa: Andika… hawakufungwa.

Daktari: Rudisha "kufungwa", halafu mbele yake weka "wapi".

Flashi: La furaha, jamani! Mtanipotezea kazi!

Refa: Furaha ya mpira mara ya mwisho nilikuwa na nywele.

Nikaona huyu kijana wataniharibia. Nikaweka birika chini. Mimi arusi za mtaa huu hazinipiti, maneno ya furaha ninayo tele.

Mimi: Andika ushindi! Shangwe! Vifijo! Nahodha kubebwa! Kukumbatiana! Kocha kucheka! Mashabiki kucheza!

Flashi aliandika huku jasho linamdondoka, akabandika, akatuma upya.

Mhariri: Zinaingia… "Nahodha kubebwa", nimeipata. Hii inakwenda ukurasa wa mbele. Kizibao kaa nacho. Na Jumapili ijayo nataka haraka hii hii.

Simu ikakatika, kijiwe kikalipuka. Daktari alidai ushindi wote ni wake. Refa akaamua kwamba goli la pili lilitokana na viatu. Flashi alikuwa anacheka peke yake, anapapasa kizibao kifuani. Nilifurahi kama vile mimi ndiye niliyefunga.

Pembeni yetu alikuwa amesimama dada mmoja muuguzi, mpangaji mpya wa chumba cha juu ya duka, katoka zamu na kikombe mkononi. Alikuwa amesikia yote. Akauliza kwa roho safi kabisa:

Muuguzi: Sasa kwa Jumapili ijayo, maneno ya kutangulia mtaandika yapi?

Flashi alifungua kompyuta, akaweka kidole tayari, akatutazama mmoja mmoja. Daktari akamtazama Refa. Mimi nasema kweli, niliogopa. Kufungwa tumeshazoea, kinachotutisha ni kutumaini.

Flashi: Refa? Toa hukumu.

Refa akanisogezea kikombe.

Refa: Niongeze kahawa, Mama Birika.

Mimi: Imekwisha.

Refa: Niongeze hivyo hivyo.