Panya Ndani ya Bafta

Ndugu zangu, sikusimama hapa kujisifu kwamba nimepona uvivu. Nimesimama kwa sababu habari yangu bado inanitia kichefuchefu, na ni afadhali muisikie kwangu kuliko kwa majirani.

Mnanijua kwa cherehani. Miaka mingi nilishonea barazani kwa mwenye duka mmoja karibu na soko, tukiwa mafundi wanne. Ilipofika miaka ile ya vita, nguo zilipokuwa adimu, nikachoka kuhimizwa. Nikajiuliza, kwa nini nisishonee kwangu? Nikabeba cherehani changu hadi nyumbani, mtaa wa Chemchem, nikakiweka chumbani, hatua mbili kutoka kitandani.

Wiki ya kwanza nilishona kama mtu aliyefunguliwa kamba. Wiki ya pili nikaanza kulala baada ya uji. Nyumba yangu iko kando ya njia ya zamani ya Ujiji, na mnajua tulivyo: mwanamume akionekana kwake mchana, basi hana kazi. Kila apitaye aliingia. Salamu kwanza, mwangaluka, fundi, kisha habari za nyumbani, za shamba, za ng'ombe ambao sina. Wakiniita nikaamue ugomvi wa mpaka, nakwenda. Wakiniita nishike mbuzi achunwe, nakwenda, narudi na mikono ya mafuta naishika suruali ya mtu. Nawaambia kweli, hawakunisumbua. Mimi ndiye niliyekuwa nawangoja mlangoni.

Barazani nilikuwa namaliza suruali mbili kabla ya adhuhuri. Kwangu, suruali moja ilikaa siku tano, na juu yake maganda ya karanga. Chumba kilinuka, nami nikanuka. Mke wangu akitaka kufagia, namkemea asiguse kazi yangu.

Ndipo akaja mama mmoja jirani na bafta nyeupe, ya gauni la harusi la binti wa kaka yake. Bafta, wakati ule! Binti alikuwa amevuna asali porini na kaka zake msimu mzima ndipo akaipata. Nikaipokea, nikaisukuma chini ya kitanda. Mama akaja kuulizia, nikamwambia nimekwisha kuikata. Akaja tena, nikamwambia imebaki mikono. Ndugu zangu, hata mkasi sikuwa nimeutoa.

Siku nne kabla ya harusi akaja, akakataa kiti.

"Niletee nione."

Nikainama, nikavuta furushi, likafunguka mbele yake. Ndani mlikuwa na vitoto vya panya, vyekundu, havina manyoya, vinajinyonganyonga. Bafta ilikuwa imetafunwa ikawa kiota, na mkojo umeipaka manjano. Panya mama yao akapita juu ya mkono wangu, akakimbia.

Yule shangazi hakupiga kelele. Aliwatazama panya, akanitazama mimi.

"Hawa angalau wamefanya kazi," akasema.

Nikatoka nje nikatapika.

Nilipoinua kichwa, mke wangu alikuwa amekwisha kuking'oa cherehani, amekitwika kichwani, anaelekea sokoni. "Meza utaibeba wewe," akasema bila kugeuka. Nikaibeba, mji mzima ukiniona.

Wale mafundi watatu wa barazani walicheka mpaka wakachoka. "Karibu, mwenye nyumba," mmoja akanikebehi. Waliposikia habari ya gauni, wakasimamisha vyerehani vyao. Huyo huyo aliyenikebehi alikuwa ameweka bafta ya mkewe kwa ajili ya Krismasi. Akaenda kuileta. Tukashona wote wanne. Mimi nikapewa upindo wa chini tu, kwa sababu hawakuniamini kwa zaidi.

Binti aliolewa akiwa amevaa gauni lile. Shangazi yake hajaniletea tena hata kifungo, na ana haki.

Nawashukuru wale watatu, na mwenye duka aliyenirudishia nafasi yangu bila neno, na mke wangu. Lakini msitoke hapa mkisema nyumba ndiyo iliyoniharibu. Nilijitetea hivyo, nikasema uongo. Katika nyumba ile ile mke wangu alitwanga, alisuka mikeka, alilea watoto, na wageni wangu wote aliwapikia yeye. Hakuna kazi yake iliyolala. Niliyelala ni mimi.

Anayetaka kushonea kwake na ashonee. Ila mwenye nguo akija kuulizia nguo yake, mwonyeshe. Ukijiona umeanza kumweleza badala ya kumwonyesha, mwombe radhi siku hiyo hiyo, nguo ingali inashoneka.