Mzee Saadi na Amplifaya Yenye Stara

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mzee Saadi Abdulrahim anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika duka letu la vyombo vya muziki hapa Kaloleni. Alianza kwa kubeba maboksi, akawa fundi, kisha akapewa kaunta ya amplifaya, na hapo ndipo alipoota mizizi.

Mteja akija kuulizia amplifaya, sisi wengine humwekea wimbo mpya wa studio, akashawishika. Mzee Saadi hakuwahi. Alimrudisha mteja nyumbani akalete kanda yake mbovu kuliko zote, ile anayoipenda hivyo hivyo. Alisema wimbo uliorekodiwa vizuri hupendeza hata kwenye simu; amplifaya hupimwa kwa wimbo wenye aibu. Akitaka kuisifu mashine, alisema ina stara: inamleta mwimbaji mbele, makwaruzo inayaacha nyuma.

Elirehema wa Nkoaranga ni shahidi. Alitaka amplifaya safi kuliko zote kwa ajili ya kanda ya kwaya yao, iliyorekodiwa siku ya mvua chini ya bati. Mzee akamwashia. Tukasikia kila tone, kila benchi, na mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu aliyepotea njia tangu ubeti wa kwanza. Alikuwa Elirehema mwenyewe. Alinunua ile ya bei ndogo yenye stara, na mpaka leo anatuletea ndizi.

Kanda mbovu ya Mzee Saadi tunaijua sote. Ni marehemu mkewe, Bi Maulida, akiimba kaswida huku akishona, na redio iliyomrekodi ilikuwa imewekwa juu ya meza ya cherehani. Hakuna sauti yake nyingine iliyobaki. Kila amplifaya iliyoingia dukani ilipimwa kwa kanda hiyo, na nyingi zilituletea cherehani. Iliyomleta Bi Maulida ni moja tu, kuukuu, ya meza ya ufundi, na Mzee humsikiliza hapo kila asubuhi kabla hatujafungua. Akistaafu, mashine ingebaki dukani, naye angerudi nyumbani bila sauti ya mkewe.

Hilo liliiuma kamati ya kumuaga, nikiwemo mimi. Tukamnunulia amplifaya mpya, ghali, inayong'aa. Miaka yote ametufundisha, na bado! Mzee akashukuru, akaweka kanda. Cherehani ikajaa duka zima. Akaitoa taratibu, akashukuru tena. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Niliona aibu, na roho iliniuma.

Mkurugenzi wetu, Mama Evaresta, alikwenda kwenye meza ya ufundi, akachomoa ile kuukuu yenye kitufe kilichofungwa kwa uzi, akaiunganisha mbele yetu na kurudisha kanda. Cherehani ikarudi kwenye kona yake, Bi Maulida akaanza kuimba.

"Huyo ndiye," Mzee Saadi alisema, akakaa chini.

Mama Evaresta akamwambia, "Mzee wangu, hii nenda nayo nyumbani."

Ile mpya iko kwenye rafu, inasubiri mteja asiye na kanda mbovu.

Asante, Mzee Saadi, kwa kazi, kwa utani na kwa masikio yako. Tunakuombea afya njema na mapumziko ya raha, na nyumba yako isikae kimya.