Bi Intisar na Mungu wa Kike Aliyerudi Kwao

Ijumaa, tarehe 29 Mei, Bi Intisar Athman Shee atastaafu baada ya kulitumikia jumba letu la makumbusho hapa Fort Worth kwa miaka ishirini na saba. Kwa zaidi ya nusu ya muda huo amekuwa msimamizi wa sanaa za India, na sisi wa kitengo cha kufunga na kusafirisha vitu tumejifunza mengi kwake, pamoja na kunywa chai ya tangawizi.

Alizaliwa Lamu, akasomea historia huko Gujarat, India, kisha akaja Texas na mumewe, Bwana Haitham, dereva wa malori. Walipanga nyumba Arlington. Kazi yake ya kwanza hapa ilikuwa kuwaongoza watoto wa shule, na hakuiacha hata alipopanda cheo. Aliwaeleza jinsi wafalme wa India, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, walivyowalipa watumishi wao kwa vijiji. Jinsi watumishi hao walivyogeuka mabwana wenye majeshi. Na jinsi kila bwana alivyotaka hekalu lenye nakshi nyingi kuliko la jirani, akaligawia mashamba pamoja na wakulima wake. Mtoto mmoja wa Garland aliuliza, "So, huyu ni kama mwenye apartment yetu?" Bi Intisar akajibu, "Ndiyo, mwanangu, ila huyu hata kuhama hakuruhusu."

Sanamu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mungu wa kike, ya mawe mekundu, na chini yake bwana mdogo amepiga magoti: ndiye aliyelijenga hekalu ilikotoka. Kwa miaka sita Bi Intisar aliandaa maonyesho makubwa ya mabwana hao na mahekalu yao, sanamu hiyo ikiwa katikati.

Miezi michache kabla ya ufunguzi, muuguzi mmoja wa Plano, Bi Vasanti, alisimama mbele ya sanamu hiyo, akavua viatu, akalia. "Huyu ni wa kijijini kwetu," alisema. "Mama yangu alikuwa akimpaka rangi nyekundu miguuni. Aliibwa nikiwa msichana."

Bi Intisar hakumtilia shaka wala hakumwamini papo hapo. Alichunguza, akaenda hadi kwenye hekalu lenyewe, akapima tundu lililobaki ukutani sanamu ilipong'olewa. Sanamu ilikuwa ya pale. Aliposema irudishwe, familia iliyotutunukia sanamu hiyo, ambayo pia ndiyo iliyogharimia maonyesho, ilitishia kujitoa, na mkurugenzi wa wakati huo akamshauri angoje maonyesho yaishe kwanza. Alijibu kikaoni, "Ukishajua umekalia kiti cha mwenyewe, hungoji akwambie uondoke." Familia ikajitoa kweli, na maonyesho yakafutwa. Wiki ile alikula chakula chake cha mchana peke yake.

Sanamu tuliifunga sisi. Mwenzetu Polycarpe alitengeneza sanduku. Bi Intisar aliisindikiza hadi kijijini. Polycarpe, aliyekwenda naye, anasimulia kwamba wanawake waliiosha kwa maziwa, wakaishika kwa mikono yao yote, wakaipaka rangi. Bi Intisar, ambaye hapa hakuruhusu mtu kuigusa bila glavu, aliruka mbele kuwazuia, akasita, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Bibi mmoja akampaka na yeye rangi kidole.

Maonyesho yalifunguliwa miaka miwili baadaye, madogo zaidi, kwa vitu vilivyoazimwa. Bi Vasanti ndiye aliyekata utepe. Leo hakuna kitu kinachoingia katika mkusanyo wetu kabla ya kujulikana kimetoka wapi, na utaratibu huo aliuandika yeye.

Sasa yeye na Bwana Haitham wanahamia Houston, kwa binti yao Lubna. Bi Intisar, ahsante kwa kazi, kwa ukali wako na kwa chai. Mungu akujaalie afya njema, asubuhi zisizo na vikao, na wajukuu wanaopenda kuuliza maswali.